Lugha ya Kambini na Uamuzi wa Rejaf

Pale Thongpiny, penye uwanja wa ndege wa Juba, askari wa makabila mbalimbali huelewana kwa Kiarabu cha Juba. Lugha hiyo ilikua katika kambi za askari na wafanyabiashara wa karne ya 19. Askari wa Emin Pasha waliivusha mpaka Uganda na Kenya, ambako wajukuu wao huiita Kinubi.

Hata hivyo, mwaka 1928 watawala, wamisionari na wataalamu walikutana Rejaf, karibu na Juba, wakateua lugha 9 za kufundishia, Kidinka, Kibari na Kizande zikiwamo. Lugha ya kambini waliiacha. Mwaka huohuo mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati iliyoundwa 1930 kukisimamia ndiyo chimbuko la TATAKI, Dar es Salaam.

Sisi tunaona kwamba historia hii yastahili kuchunguzwa katika Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa 1975. Faida yake si ya wasomi peke yao. Mlinzi asiyeelewa neno la raia kwenye kizuizi cha barabara aweza kumwona adui pasipo na adui.