JAMAA NA FEZA: Nyumba ya kupangisha, njo pensheni?



Kila mutu anayekaribia kutoka kazini ana neno moja ku mudomo: "Miye nitajenga kanyumba ka kupangisha, njo pensheni yangu." Neno si baya. Nyumba haikimbie, na feza ya dekonti ikikaa mu mufuko inayeyuka. Lakini mbele ya kununua matofari, baba na mama mukae pamoja ku meza, mukamate kalamu.

Tuseme lupangu na nyumba vinakula dolari 15.000, na utapangisha 150 kwa mwezi. Wengi wanahesabu hivi: 150 mara 12 ni 1.800 kwa mwaka; basi miaka minane na kidogo, feza imerudi. Hiyo ni hesabu ya nyumba isiyolala tupu hata usiku mumoja, isiyovuja, yenye mupangaji anayelipa kila tarehe moja. Nyumba ya namna hiyo sisi hatujaiona. Toa miezi miwili ya kukosa mutu: 300. Toa 250 ya malata, kufuli, choo kilichojaa, na deni la maji la yule aliyehama usiku. Inabaki 1.250. Sasa ni miaka 12, na kodi ya Serikali hatujaigusa.

Tena mu miji yetu feza ya nyumba inafuata mugodi. Mu Julai 2008 tani moja ya shaba ilipita dolari 8.000; mu Desemba ilikuwa chini ya 3.000. Makampuni yakafunga, wapangaji wakarudi kwao. Mu 2019 mugodi wa Mutanda, karibu na Kolwezi, ulisimamishwa, ukaanza tena 2021. Kwa hiyo sisi hatumushauri mutu wa dekonti ajenge villa kwa kungojea mukubwa wa kampuni. Afazali vyumba viwili viwili vya mwalimu, vya muuguzi, vya mama wa soko. Hao wanalipa kidogo, lakini mugodi ukifunga hawapande ndege.

Halafu garanti. Hapa njo wazazi wengi wanaanguka. Sheria ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Tunajua wengi wanaomba 6, na mupangaji anatoa kwa kuwa hana namna. Lakini, baba, garanti si mushahara. Siku yule mutu anatoka, unamurudishia. Wewe uliikula zamani kwa plafon na minerval ya watoto, sasa unatafuta makosa: "Ulivunja kioo, ulichafua ukuta." Kelele, shefu wa kartie, kisha tribunali. Ukiweza, iweke mbali kama feza ya mwenyewe. Ukiwa umekwisha kuikula, basi mwambie mapema, mupatane akae miezi ile bila kulipa.

Na huyu asiyelipa? Kumufukuza ni kazi ya tribunali. Kumutolea malata juu ya kichwa wakati wa mvua, watoto ndani, tumeyaona hayo, hata kwa watu wanaokaa ku benchi ya mbele kanisani.

Neno la karatasi. Tangu sheria ya 1973 udongo ni wa Serikali. Unachopata wewe ni haki ya kuutumia. Karatasi muliyoandikiana na muuzaji, hata ikiwa na muhuri wa shefu wa kartie, haitoshi. Setifika ya konservatere njo inasimama. Nenda uulize ku ofisi yake mbele ya kulipa, si nyuma, kwa sababu lupangu moja inaweza kuuzishwa kwa watu wawili.

Na mama ajue setifika iko wapi. Si "iko kwa kaka yangu", hapana. Siku ya matanga huyo kaka anaweza kusema hajaiona. Kopi moja ibaki kwa mama, ingine kwa mutoto mukubwa.

Mwezi ujao tutaongea juu ya mikopo ya likelemba.