Josh Gibson: Rekodi iliyochelewa miaka 77

Huenda hujawahi kutazama mechi hata moja ya besiboli. Hakuna shida. Stori ya Josh Gibson bado inakuhusu, hasa kama umewahi kufanya kazi safi halafu ikakosa kuhesabiwa.

Gibson alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akidaka mipira ya kasi. Ni kazi ya kuumiza magoti na vidole, ndiyo maana wadakaji wengi hawatarajiwi kutamba pia kwa kupiga. Yeye alitamba kote kuwili, akichezea Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords miaka ya 1930 na 1940.

Kilichomzuia ni rangi yake. Ligi kuu za Marekani zilikuwa za Wazungu pekee, Weusi wakacheza katika ligi zao. Gibson alifariki Januari 20, 1947, akiwa na miaka 35. Aprili 15 mwaka huo huo, Jackie Robinson akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, mlango ukafunguka. Hata miezi mitatu haikuwa imeisha! Kaburi la Gibson nalo lilikaa bila jiwe la jina hadi 1975.

Sasa sikia. Mei 2024, MLB, wasimamizi wa ligi kuu, waliingiza rasmi takwimu za ligi za Weusi za kati ya 1920 na 1948. Ghafla Gibson akawa kileleni: mapigo 372 yaliyofaulu kwa kila majaribio 1,000. Ty Cobb, aliyeongoza kwa 367, akashuka hadi nafasi ya pili.

Wapo waliolalamika kwamba misimu ya ligi za Weusi ilikuwa mifupi, kwa hivyo si haki kulinganisha. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini jiulize, ni nani aliyemfungia Gibson nje ya ile misimu mirefu? Isitoshe, mwaka 2020 MLB yenyewe ilipanga mechi 60 pekee kwa kila timu kwa sababu ya Covid-19, na rekodi za msimu huo zinahesabika kama kawaida.

Kuna funzo lingine hapa. Takwimu hizi zimepatikana kwa sababu watafiti walipekua magazeti ya zamani, mechi baada ya mechi. Bango la Gibson katika jumba la magwiji linasema alipiga karibu homurani 800. Zilizothibitishwa kwenye mechi za ligi hazifiki 200. Nyingine zilipigwa katika mechi za kirafiki na za mitaani, ambako mara nyingi hakukuwa na wa kuandika.

Kwa hivyo usiseme MLB imemfanya Gibson kuwa bora. Alikuwa bora tangu zamani. Vitabu ndivyo vilivyochelewa. Na we ukiona kipaji mtaani kwenu leo, kisifu na ukiandike mwenyewe akiwa hai asikie.