Mbegu za Gloriosa zinahitaji subira

Ndugu mwandishi, asante kwa kutukumbusha maua yetu ya porini, ila mimea mingi uliyoitaja kwenye makala yako inauzwa kama miche ya kigeni. Huku Ziba, wilayani Igunga, mimi napigia debe Gloriosa superba, ua jekundu lenye kingo za njano, petali zake zimejikunja kuelekea juu. Ncha za majani hujisokota na kushika kijiti ili mmea upande.

Siri yake ya kuvumilia ukame iko ardhini. Mvua zikiisha, shina hukauka lote, kiazi kinabaki hai hadi mvua za Novemba.

Mbegu chukua ganda likishapasuka lenyewe. Osha ule utando mwekundu, kisha panda kwa kina cha sentimita moja au mbili kwenye kopo lenye mchanga uliochanganywa na mboji, si udongo mweusi wa mbuga, maana unatuamisha maji na kiazi huoza. Huota ovyo ovyo: nyingine baada ya mwezi, nyingine miezi mitatu, kwa hiyo usimwage kopo mapema. Mwaka wa kwanza utaona majani machache tu. Maua yanaweza kuchukua miaka mitatu hadi minne.

Na hili naomba uliongeze kwenye makala: mmea wote una sumu ya kolchisini, na kiazi chake kinaua. Watu wamewahi kukidhania kiazi cha kula. Wenye watoto na mbuzi wauzungushie uzio. Tafadhali pia, tuchukue mbegu, viazi tuviache porini.