Mwanamume Kukaa Nyumbani Si Limbwata

Mwanamume wa Dar es Salaam akionekana kwake saa nne asubuhi siku ya Jumanne, mtaa huwa na majibu matatu tayari: anaumwa, kafukuzwa kazi, au kalishwa limbwata. La nne, kwamba yuko likizo na amependa kukaa kwake, halimjii mtu. Nairobi nako ni yale yale. Huko watasema amekaliwa na mkewe. Basi bwana, kwa kuogopa midomo ya watu, anaoga, anavaa shati la kazini na kutoka. Anakwenda wapi? Kijiweni. Atakunywa kahawa, atabishana habari za Simba na Yanga mpaka adhuhuri, atasogeza kiti kufuata kivuli, na jioni atarudi na heshima yake. Si alitoka?

Imani inayomtoa mlangoni ni moja: nyumba ni ya wanawake na watoto, mwanamume huja kulala. Wengi wameipokea kama mila na hawaiulizi maswali. Inastahili kuulizwa, tena kwa ukali, maana inawala watu likizo zao, na wastaafu inawala miaka.

Watetezi wake husema kazi za nyumbani si za kiume. Hao wangetembea mtaani jioni kidogo tu. Nani anamenya viazi ndoo nzima na kukaanga chipsi mayai mpaka saa sita za usiku? Nani anageuza mishkaki na kukata kachumbari? Madobi wanaofua na kupiga pasi mashuka ya watu ni kina nani, na mafundi cherehani? Harusi ya Pwani ikipikiwa pilau la watu mia tatu, anayehangaika na sufuria, mwiko wake mrefu kama kasia, mara nyingi ni mwanamume. Hakuna anayewacheka, na hakuna sababu ya kuwacheka. Ila mkaanga chipsi huyo huyo akifika kwake hukaa kusubiri atengewe chakula, na fundi aliyeshinda akishona suti za watu humkabidhi mkewe shati amtilie kifungo. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni upande wa mlango: nje ikilipwa ni riziki, ndani inageuka udhaifu.

Hesabu za udhaifu huo zimeshapigwa. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu kazi za malezi na za nyumbani zisizo na malipo. Dunia nzima ilikuwa ikizitumia saa bilioni 16.4 kila siku, na asilimia 76.2 ya saa hizo zilibebwa na wanawake. Kwa wastani mwanamke alizifanya kwa saa 4 na dakika 25 kwa siku, mwanamume kwa saa 1 na dakika 23. Hiyo ndiyo shughuli ambayo mtaani huitwa kukaa tu.

Mahakama zilishaiacha lugha hiyo zamani. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuipata mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakutoka na kitu, maana ilionekana fedha alizokwisha kupewa na mumewe ndizo fungu lake. Kanuni ikabaki.) Kenya nayo, kwenye sheria yake ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013, imetaja waziwazi kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango, ingawa hazileti shilingi. Waliobaki nyuma ni watunga sheria za kazi. Baba aliyepata mtoto Kenya hupewa wiki 2. Tanzania sheria inamhakikishia siku 3. Siku 3! Kitovu cha mtoto hakijadondoka, baba yuko kituoni anagombania daladala.

Tukija kwenye hiyo mila, wanaoitaja hawajaitazama vizuri. Nyumba za zamani za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar nyingi zina baraza la mawe lililoshikana na ukuta wa mbele. Aliyelijenga alimwekea mwenye nyumba mahali pa kukaa kwake mchana kutwa: hapo atapokea wageni, atasalimiana na wapita njia, atafanya kazi ya mikono, na hajaondoka nyumbani. Lamu si ajabu kumkuta mwanamume ameketi na sindano, kofia gotini, akizungushia uzi tundu moja baada ya jingine. Kofia nzuri ya mkono huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Hiyo ni kazi ya mtu aliyetulia, na inauzwa.

Hapo barazani ndipo bao lilipokuwa na heshima yake. Ubao una mashimo 32 katika safu 4, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 zikiwa ndani ya nyumba, na nyingine 22 mkononi za kunamua. Fundi wa bao huzitembeza kete kichwani mizunguko kadhaa kabla mkono haujagusa ubao, na anajua zitalala wapi. Mtoto wa miaka minane aliyefundishwa na baba yake kwa likizo moja hupata hesabu ya kichwa ambayo daftari linaitafuta muhula mzima, na hupata kumfunga baba yake pia, jambo ambalo watoto hulipenda kuliko zawadi. Kijiweni bao hilo hilo lipo, ni kweli. Mtoto ndiye hayupo.

Mfano wa mtu mzima aliyejua kukaa kwake ni Mwalimu Nyerere. Alipoachia urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Hakujifungia huko: aliendelea na uenyekiti wa CCM hadi 1990, aliongoza Tume ya Kusini, na baadaye alisuluhisha mgogoro wa Burundi. Katikati ya shughuli hizo aliifanya kazi inayotaka meza na utulivu tu. Alizigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Aliyewahi kutunga utenzi anaijua adhabu yake: mizani nane kila mshororo, vina vitatu vikubaliane, cha nne kishike bahari mpaka mwisho, ubeti baada ya ubeti. Haijasikika kwamba mkewe, Mama Maria, alimlisha kitu.

Lipo pingamizi zito kuliko la watetezi wa mila, nalo hutoka kwa wanawake wenyewe. Muulize mke wa mstaafu. Atakwambia heri atoke. Akikaa ndani anafunua masufuria, anauliza sukari ya juzi imekwenda wapi, anataka chai kila saa, anakaripia watoto wanaocheza, anashika rimoti. Malalamiko hayo ni ya haki kabisa. Lakini yanamhusu mtu aliyekuja nyumbani kukagua. Miaka 30 hakushika kitu humo, sasa anashinda humo na ameamua kuwa msimamizi. Apewe kazi yake mwenyewe, na aache kugusa za wenzake.

Kazi zipo, na nyingine ni tamu. Kibera, Nairobi, ambako kipande cha kulima hakipatikani, watu wameotesha sukuma wiki kwenye magunia kwa miaka mingi. Mwanamume mwenye asubuhi moja anaweza kutengeneza gunia kama hilo. Chini ya gunia huwekwa mawe. Katikati husimamishwa kopo lisilo na kitako, likajazwa kokoto, na kulizunguka ukajazwa udongo uliochanganywa na samadi. Udongo ukifika ukingoni, kopo huvutwa juu na kujazwa kokoto tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Kopo likitolewa, inabaki nguzo ya kokoto inayopitisha maji hadi mizizi ya chini. Kisha ubavuni hutobolewa matundu, kila tundu na mche wake. Maji yaliyoosha mchele yanafaa kumwagilia. Watoto wataomba kutoboa matundu, waachiwe.

Kibarua wa kutwa, ambaye asipotoka watu wake hawali, haya hayamhusu. Yeye kutoka ni lazima. Yanamhusu mwenye likizo ya mshahara anayeitumia kukaa juu ya kreti la soda, na mstaafu anayevaa tai kwenda kusoma vichwa vya magazeti bila kununua hata moja. Hao muda wanao. Wanachokosa ni ruhusa, na wanaisubiri kutoka kwa jirani ambaye naye anawaogopa wao.

Sheria ya Tanzania inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28, ya Kenya siku 21 za kazi. Mchicha uliopandwa vizuri huchumwa kati ya wiki ya tatu na ya nne. Anayebisha apande siku ya kwanza ya likizo yake, na kabla hajarudi ofisini aupike mwenyewe, mlango ukiwa wazi, jirani akimwona.