Kipakatalishi cha Windows 10 si cha kutupa, lakini pima kabla ya kuhamia Linux

Kama kipakatalishi chako ulikinunua mtumba pale Luthuli au Moi Avenue, huenda bado kinatumia Windows 10 na kimekataa katakata kupanda hadi Windows 11. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Mashine haikuzima siku hiyo, na pengine hata hukuhisi kitu. Kilichokoma ni viraka vya usalama: tundu jipya likigunduliwa, hakuna wa kukuzibia. Upo muda wa ziada wa mwaka mmoja, hadi Oktoba 13, 2026, ila lazima ujisajili.

Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Core i5 ya kizazi cha sita, ambayo bado inachapa kazi poa tu, imefungiwa mlango. Ndiyo maana siku hizi mafundi wanakwambia, "Weka Linux, bana." Ushauri huo si mbaya. Linux Mint, kwa mfano, ni ya bure, hutosheka na RAM ya GB 4, na viraka vyake vinaendelea kuja. Lakini zile programu zako za Windows je?

Utaambiwa, "Kuna Wine." Ni kweli ipo, tena tangu 1993, miaka miwili baada ya Linus Torvalds kutoa Linux akiwa mwanafunzi nchini Finland. Programu ya Windows haifanyi kila kitu peke yake. Huuomba mfumo: nifungulie faili hii, nichoree dirisha, nipigie sauti. Wine hukaa katikati kama mkalimani, ikapokea ombi kwa lugha ya Windows na kulifikisha kwa lugha ya Linux. Haijengi kompyuta nzima ndani ya kompyuta yako, kwa hivyo haihitaji leseni ya Windows wala hailemei RAM sana. Shida ni kwamba mkalimani hujua maneno aliyofunzwa tu. Programu ikitumia neno asilolijua, inakwama au inazimika bila hata kuaga.

Wapenzi wa gemu ndio wamefaidi zaidi. Mwaka 2018 kampuni ya Valve ilitoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, na sasa gemu nyingi sana za Windows zinachezeka kwenye Linux. Hata hivyo, kama maisha yako ni Valorant au Fortnite, sahau. Walinzi wao wa kuzuia wadanganyifu hawaruhusu Linux kabisa.

Kwa mwanafunzi, hali ni hivi. Microsoft Office na Photoshop za hivi karibuni, pamoja na AutoCAD, usizitegemee ndani ya Wine. Office ya zamani kama ya 2010 huwa na ukarimu zaidi. Lakini jiulize kama unaihitaji Wine yenyewe. HELB, KUCCPS, eCitizen na iTax zote ziko kwenye kivinjari. LibreOffice hufungua faili za Word, ingawa majedwali yanaweza kuruka mahali pake, kwa hivyo mtumie mhadhiri PDF. Kama una data ya SPSS, PSPP husoma faili hizo na kukufanyia hesabu za kawaida za utafiti bila malipo.

Na kuna uvumi mmoja lazima niuseme: eti ukishaingia Linux, virusi kwaheri. Wine haichagui. Ukiipa programu iliyovunjwa leseni, ile ya kupeana kwa flashi hosteli nzima, itaiendesha pamoja na kirusi kilichojificha ndani. Tena kwa kawaida Wine huionyesha programu hiyo diski yako yote kupitia herufi Z, kwa hivyo picha na tasnifu yako zinafikika. Ukiiendesha kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine, umempa mwizi funguo za nyumba nzima.

Mimi naiona Wine kama dawa ya programu moja sugu, si makao. Andika programu unazotumia kila wiki, kisha uzitafute kwenye orodha ya Wine iitwayo AppDB, ambapo hupangwa kuanzia Platinum hadi Garbage, yaani takataka. Ikiwa tatu zako ziko takataka, jisajili kwa ule muda wa ziada na uanze kuweka akiba. Ikiwa ni moja tu, weka Linux kando ya Windows, na upande wa Windows usiuunganishe na intaneti.

Kabla ya kufuta chochote, washa Linux Mint kutoka kwenye flashi uone kama Wi-Fi, sauti na kamera zinaitika. Na ukimpa fundi kazi hiyo, mwambie afungue programu yako mbele yako ndipo umlipe.