Kona ya Mwalimu: 0,4 na 0,35, namba ipi ni kubwa?



Juma hili waulizeni watoto wenu wa darasa la nne au la tano swali hilo la hapo juu. Wengi watajibu 0,35. Mkiwauliza sababu, watasema: 35 inapita 4. Si ujinga. Tangu darasa la kwanza wamezoea kwamba namba yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa, na kwa namba nzima ni kweli. Lakini baada ya mkato, ule wanaouita virgule, hatuangalii tarakimu ni ngapi. Tunaangalia kila moja imekaa nafasi gani.

Nafasi ya kwanza baada ya mkato ni ya sehemu za kumi: kitu kizima kimekatwa vipande kumi sawa. Nafasi ya pili ni ya sehemu za mia: kila kipande kimekatwa tena mara kumi. Basi 0,4 ni vipande vikubwa vinne. 0,35 ni vikubwa vitatu na vidogo vitano, na vidogo vitano ni nusu tu ya kikubwa kimoja.

Fedha yetu haiwasaidii watoto. Franka ya Kongo ilipoanza mwaka 1998 iligawanywa katika santimu 100, na noti za santimu zilikuwepo. Leo mtoto anayetumwa sokoni anahesabu 500, 1.000, 5.000, mkato haukuti. Tena ile nukta ya 1.000 inatenga maelfu tu. Kwenye simu nyingi nukta inashika mahali pa mkato: 2.5 ya simu ni 2,5 ya daftari. Mwelezeni, asichanganye.

Chombo kizuri cha kumfundishia ni mita ya kushonea. Mtoto aweke kidole kwenye 100: hiyo ni mita moja. Kila sentimita 10 ni sehemu ya kumi ya mita, kila sentimita 1 ni sehemu ya mia. Apime 0,4 ya mita: anafika 40. Apime 0,35: anafika 35. Macho yake mwenyewe yatamjibu. Kisha mwambieni apime 0,40. Atarudi palepale kwenye 40, maana sifuri ya mwisho haikuongeza kitu. Mwisho apime 0,04. Atafika 4 tu, kwa sababu sifuri imeisukuma ile 4 hadi nafasi ya pili.

Wamama, hapa tusikilizane vizuri. Mkato si wa daftari peke yake. Dawa ya maji ikiandikwa mililita 2,5, na msomaji akaruka mkato, mgonjwa atapewa 25: mara kumi ya kipimo. 0,5 ikisomwa 5 ni hatari ileile. Na katika nyumba nyingi, mtoto wa shule ndiye anayemsomea bibi yake karatasi ya dawa. Basi azoee kusoma kwa sauti, "mbili, mkato, tano", na kuonyesha alama yake kwenye kipimo kilichokuja na dawa. Hata hivyo, kumpa mgonjwa dawa ni kazi ya mtu mzima, na mkiwa na shaka, rudini kwa muuguzi kwanza.

Kwa vikundi: baada ya mkutano, toeni mita moja mezani. Kila mmoja, mama au mtoto, apime kitu kimoja, meza, mlango au kitenge, aandike urefu kwa mita, kisha mpange namba kutoka ndogo hadi kubwa. Anayekosea asichekwe. Mwulizeni tu: mita nzima ni ngapi? Zikiwa sawa, sehemu za kumi ni ngapi? Nazo zikiwa sawa, sehemu za mia ni ngapi? Maswali hayo matatu yanatosha.

Kazi njema, na tuonane juma lijalo.

Mwalimu wenu, Bangboka