Maoni: Anayepiga piano peke yake apewe pedali

Katika harusi nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, orkestra nzima siku hizi ni mtu mmoja. Anaketi nyuma ya piano ya umeme yenye ritimu ndani yake, anaimba, anawasalimia wageni, na kwa vidole kumi anaongoza batri, besi, gita na tarumbeta. Jumapili utamkuta kanisani, na usiku mwingine kwenye matanga. Wenye kulipa wamelizoea jambo hilo, maana kumlipa mtu mmoja na kumsafirisha na chombo chake ni rahisi kuliko kuleta watu wanane. Lakini wanapolalamika kwamba muziki wake unakatika-katika, ni wachache wanaotazama chini ya meza yake. Huko chini mara nyingi hakuna kitu, au kuna pedali moja tu ya kurefusha sauti.

Piano za aina hiyo, iwe Yamaha ya PSR au Korg ya Pa, zinafanya kazi kwa njia moja. Mkono wa kushoto unashika akodi, mashine inapiga ritimu kwa kufuata akodi hiyo, na mkono wa kuume unapiga wimbo. Ndani ya ritimu moja kuna mwanzo, kuna sehemu kuu ambazo kwenye Yamaha nyingi za leo ni nne, kutoka A hadi D, kuna vipito vifupi vya batri vya kuvuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na kuna mwisho. Kila badiliko linaombwa kwa kitufe. Kitufe kinataka kidole, na vidole vyote viko kazini.

Kwa wimbo wa polepole hilo si neno. Mashine inaishikilia akodi ya mwisho, kwa hiyo mkono wa kushoto unaweza kuondoka, kubonyeza, na kurudi kabla akodi haijabadilika. Taabu yote iko kwenye sebene. Hapo akodi zinazunguka, mara nyingi Do, Fa, Sol, Fa, bila kupumzika, na mkono wa kushoto hauna nafasi ya kutoka. Mkono wa kuume nao umechukua kazi ya gita la solo, na gita la solo likinyamaza sebene imekufa. Ni kwenye mlango huo huo wa sebene ndipo mambo mengi yanatakiwa kwa mara moja: mwendo uongezeke, batri ibadilike, sauti ya piano igeuke gita. Basi mpigaji anaachia. Kidole kinatafuta kitufe katika giza la ukumbi, na watu waliokwisha kuinua mikono wanabaki wakitazamana. Siku mbaya zaidi kidole kinaangukia kitufe cha mwisho, na muziki unaaga wakati bibi harusi ndiyo kwanza ameinuka kucheza.

Watu husema huyo hajui kupiga. Pengine anajua sana. Amenyimwa miguu tu.

Dawa ipo tangu zamani na haina siri. Nyuma ya piano hizi kuna matundu ya pedali, na katika modeli nyingi za kazi, yaani zile zinazozidi piano za kujifunzia, pedali inaweza kupewa kazi nyingine kwenye menyu: kuanzisha na kusimamisha ritimu, kuleta kipito cha batri, kuhamia sehemu inayofuata, kuita mwisho. Pedali ya namna nyingine, ile inayoinama kama ya gari, inapandisha na kushusha sauti. Korg ilitoa kisanduku kiitwacho EC5 chenye pedali tano pamoja, kwa ajili ya kazi hiyo. Kwenye Yamaha, vitufe vya Registration Memory vinaweka pamoja ritimu, mwendo na sauti za mikono yote miwili, na pedali inaweza kuvisogeza mbele kimoja baada ya kingine. Yaani mguu mmoja, mara moja, unafungua sebene nzima, na gita halinyamazi.

Lakini kumbukumbu hizo zinazofuatana zinafaa pale ambapo programu inajulikana: kuingia kwa maharusi, kukata keki, zawadi. Kanisani ni hatari. Mchungaji anaweza kuanzisha wimbo ambao hakuna aliyeutaja, korali inaitikia, na pedali inaleta ritimu ya wimbo mwingine kabisa. Kwa ibada ni heri pedali mbili za kawaida: moja ya kipito cha batri, nyingine ya kuhamia sehemu inayofuata. Ni chache, lakini hazimsaliti mtu.

Wapiga gita wana neno lao, na ni neno la haki. Rumba ya Kongo, iliyoandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021, ilijengwa na watu wengi wanaosikilizana, na sebene hasa ni mazungumzo ya magita. Mashine haisikilizi mtu. Kuna wanaosema kwamba kumpa mpiga piano pedali ni kumsaidia kuwafukuza wenzake kazini. Hata hivyo aliyewafukuza ni yule aliyekata bajeti, na bajeti hiyo hairudi kwa sababu mtu mmoja anateseka na vitufe. Tena mguu kupiga muziki si udanganyifu wa kisasa. Wapiga ogani wa makanisa ya Ulaya wamepiga besi kwa miguu kwa karne nyingi, na hakuna aliyewaita wavivu.

Lawama kubwa iende kwa wanaonunua. Kamati ya kanisa inachangisha mwaka mzima, inaleta piano mpya yenye skrini kubwa, na katika proforma hakuna hata mstari mmoja wa pedali, ambazo bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya chombo chenyewe. Baada ya miaka michache malalamiko yanarudi, na kamati inaanza kuchangisha kwa ajili ya piano nyingine. Wenye kumbi wanaofanya kazi na mpiga piano mmoja kila wiki wangefanya vema nao kuweka pedali pamoja na bafle na maikrofoni.

Mpigaji naye ana sehemu yake. Mguu unajifunza polepole kuliko mkono, na anayejaribu pedali kwa mara ya kwanza siku ya harusi atajuta. Aketi, asisimame, mtu aliyesimama kwa mguu mmoja huku akiimba hawezi kubonyeza kwa wakati. Kwenye sakafu ya vigae pedali inateleza, hasa chini ya viatu vya kisapeur vyenye ncha, kwa hiyo kipande cha zulia kinahitajika. Na umeme ukikatika kisha ukarudi, mguu ukae mbali na pedali mpaka piano iwake kabisa: nyingi zinaipima pedali wakati wa kuwaka, na ikikutwa imekanyagwa itafanya kazi kinyume mpaka piano izimwe na kuwashwa tena.